Uso Ulio Ukutani

Tarehe 9 Januari

Mboni wangu,

Salamu nyingi, tena za moto moto. Sisi huku hatujambo, isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo tangu mvua zianze linajifanya mkwe: halitaki kuguswa wala kusemeshwa. Saluni inakwenda. Ile mashine ya kukaushia nywele ya katikati imekufa tena. Fundi kaifungua, kaifunga, akabaki na skrubu mbili mkononi. Nikamwuliza hizi za nani, akasema za akiba. Chiriku ameingia kidato cha tatu, lakini mdomo wake ulishamaliza cha sita. Sijui binti yangu huyu mdomo ule kautoa wapi, na wewe usinijibu. Naye chunusi zimemvamia paji lote la uso. Nimemwambia aoshe uso asubuhi na jioni kwa sabuni isiyo na manukato, aache kuzitumbua, mengine ni umri, yatapita.

Sasa tuje kwenye jambo lako. Uliniambia zako zimegoma kuisha, na ndiyo kwanza umepata kazi duka la miwani, mahali mtu anakutazama pua kwa pua. Nimekuchanganyia dawa kwa mikono yangu. Ndiyo iliyomo kwenye kopo hilo jeupe lenye mfuniko wa bluu. Paka usiku ukishaosha uso, kidogo tu, kiasi cha punje ya dengu. Usimwonyeshe mtu, hasa hao wa hospitali. Wao wakiona kitu kizuri mikononi mwa asiyevaa koti jeupe, roho inawauma. Na habari za dawa tuandikiane, nitakuwa natuma barua pamoja na kopo kwenye basi. Usinipigie. Humu saluni kila kichwa kina masikio manne, na siri ikidondoka kiti cha kwanza, jioni unaikuta mtaa wa pili ikiuzwa.

Uso ukitakata nitumie picha. Tangu kaka yangu akuache mikononi mwangu na miaka yako sita, sijapenda kukuona unainama mbele za watu.

Mimi niliyekulea,
Shangazi

*

Tarehe 6 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Pole na goti, mpe Chiriku salamu, mwambie akiba ya maneno nayo ni akiba. Mimi mzima. Chumba changu ni kidogo lakini kina dirisha, na jirani ni mshonaji, cherehani yake ndiyo saa yangu ya kuamkia. Dukani nimezoea. Napima umbali wa jicho na jicho, napasha mkono wa fremu joto, naupinda taratibu mpaka ukae nyuma ya sikio bila kuuma. Ni kazi ya kusogeleana. Mteja anahema, na mimi nahema. Na pande zote ni vioo, Shangazi. Kabla ya dawa yako nilikuwa nakunja shingo nisijione.

Sasa nisikufiche: wiki haikuisha. Wekundu ulilala, vipele vikanywea, ngozi ikang'aa mpaka bosi wangu akauliza kama nimechumbiwa. Amenitoa kwenye meza ya nyuma, amenikalisha mbele karibu na mlango. Picha ndiyo hiyo, nimepigwa mbele ya rafu ya fremu. Nimecheka meno yote.

Ila kopo liliisha, na kwa kuwa nilikuwa sijakuandikia, nikakaa siku kadhaa bila kupaka. Vimerudi, na vimerudi vingi kuliko vilivyoondoka, hata kuzunguka mdomo ambako sikuwahi kuwa navyo. Naomba kopo lingine, na tafadhali lisichelewe.

Wako,
Mboni

*

Tarehe 19 Februari

Mboni wangu,

Marahaba, mwanangu. Huku wazima. Picha nimeipokea, na nimelia kidogo, tena mbele ya wateja. Umefanana na baba yako siku alizokuwa hana deni la huzuni. Nimeitia kwenye fremu, nimeitundika juu ya kioo cha kiti cha kwanza. Kila anayekaa lazima aione. Wanauliza, huyu nani? Nasema, mwanangu. Wanauliza, anapaka nini? Nasema, mna haraka ya nini. Mke wa mwalimu ndiye amenikalia kooni, kila siku yumo humu, na nywele zenyewe hana za kusuka mara zote hizo.

Kuhusu hivyo vilivyorudi, usishtuke. Ni ushahidi kwamba dawa ilikuwa inafanya kazi. Ukiiacha nayo inakuacha. Nimekutumia kopo kubwa, usikatize tena, na ukiona vinabisha ongeza na asubuhi.

Chiriku paji limeanza kupoa. Nilimwambia.

Shangazi

*

Tarehe 14 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini hamjambo wote. Mimi mzima wa mwili. Jirani mshonaji amepata kijukuu, cherehani ikanyamaza siku mbili, nikachelewa kazini mara mbili.

Nimefuata ulivyosema, sijakatiza hata siku moja. Uso wangu sasa una vipele vidogo vilivyojaa, vyote kimo kimoja, mashavuni na kidevuni. Kuna mishipa myembamba myekundu kwenye mabawa ya pua. Vinyweleo vimeniota shavuni, vyembamba, lakini kwenye vioo vya dukani vinaonekana. Nikitoka juani uso unawaka utadhani nimepakwa pilipili.

Juzi alikuja bibi mmoja ambaye kwa miaka alikuwa haoni vizuri. Nikamvalisha miwani yake mpya, nikamwinamia kuiweka sawa puani. Cha kwanza alichokiona vizuri duniani kilikuwa mimi. Akanishika kidevu, akasema, "Loh! Pole, mwanangu. Umeungua na nini?" Alisema kwa huruma kabisa. Nikaenda chooni nikakaa huko mpaka bosi akagonga mlango.

Nimekwenda kwa daktari wa ngozi. Aliniuliza, "Unapaka nini usoni?" Nikamwambia, maji na sabuni. Nilikuahidi, kwa hiyo nikamwongopea daktari. Akanitibu kama mwenye chunusi za kawaida: jeli ya usiku na vidonge. Vidonge nameza, jeli nikipaka uso unalia, na dawa yako bado napaka, maana nikiiacha usiku mmoja asubuhi sijitambui. Nimerudi kwake mara ya pili, akakuna kichwa. Dawa zake zinapigana na kitu asichokijua.

Nakuomba, niandikie kilichomo kwenye lile kopo. Sitamwambia mtu mwingine ila yeye.

Mboni

*

Tarehe 2 Juni

Mboni,

Salamu. Usiseme nimechelewa, mkono ulikuwa na kazi. Tumshukuru Mungu, tuko wazima. Nimetengeneza rafu nzima ya makopo, na sasa wanakuja watu ambao hata nywele hawasuki. Wanasimama chini ya picha yako wanaelekeza kidole: nipe ya huyu. Mke wa mwalimu yuko kopo la tatu. Mashine ya kukaushia imepona, skrubu za akiba zikiwa bado kwenye droo yangu.

Chiriku amenitia hasira wiki iliyopita. Nimetoka kidogo, narudi namkuta kafungua kopo la rafuni, kajipaka uso mzima, anajitazama kama bibi harusi. Nilimpeleka bombani nikamwosha mara tatu, akalia, nikamwambia akirudia nitamnyoa. Uso wa mtoto si ubao wa kujaribia. Sasa anatii.

Umeniuliza kilichomo. Kilichomo ni miaka yangu ya kusimama kwa miguu hii miwili. Sikuulizwa kilichomo kwenye uji nilipokuwa nakunywesha. Sikuulizwa kilichomo kwenye ada. Leo kijana wa koti jeupe aliyekujua juzi anataka nimwandikie, ili kesho aje anifungie mlango? Mwambie atumie alichosomea.

Huenda hewa ya huko hukupatana nayo. Au unakula mafuta mengi. Umefikiria hilo?

Shangazi

*

Tarehe 30 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Huku baridi. Kijukuu cha jirani hakijambo.

Nimevunja ahadi. Nilichukua kopo nikalitia kwenye mfuko wa mkate, nikamwekea daktari mezani. Nakuandikia yote tuliyosema ili usije ukasikia kwa mwingine.

Hata kabla sijalitoa alikuwa ameshika lenzi yake, anautazama uso wangu kwa utaratibu, kama mimi ninavyotazama mkwaruzo kwenye kioo cha miwani. Akasema, "Dada, chunusi za kawaida zinakuja kama watu kwenye foleni. Wapo wakubwa, wapo wadogo, wapo wenye kichwa cheusi, wapo wenye cheupe. Za kwako zote ni rika moja, zimevaa sare. Hili nilipaswa kuliona mapema. Unapaka nini?"

Ndipo nikalitoa. Alifungua, akanusa, akafunga. Hakupiga kelele. Angepiga ningejua pa kujibu.

"Nani kakupa?"

"Mtu wangu."

"Ana duka?"

Nikanyamaza. Kwa hilo tu nilikulinda, Shangazi, na sijui kama nilifanya vizuri.

Alinieleza taratibu. Anaamini ndani mna steroidi, ile ya malhamu ya muwasho na ukurutu, ambayo mtu hupewa kwa muda mfupi na mahali palipoandikwa. Ukiipaka usoni inalaza wekundu upesi, wiki ya kwanza unaona muujiza. Kumbe chini ngozi inakonda. Ukiiacha, uso unafanya fujo, unakimbilia kopo tena, na hivyo ndivyo inavyomshika mtu. Kurudi kwa vipele hakukuwa ushahidi kwamba inatibu. Ndiyo iliyokuwa inaviotesha. Chunusi nilizokuwa nazo mwanzo, alisema, zilikuwa ndogo. Zingetulia kwa jeli na subira.

Sasa sikiliza, hapa ndipo pana shida. Anataka kujua nguvu ya hiyo steroidi, ajue kama niache mara moja au anipunguzie kidogo kidogo. Na anataka kujua kama kuna dawa ya kung'arisha yenye zebaki, maana kama ipo lazima nipimwe figo. Maabara ya hapa haipimi makopo. Anayejua ni mmoja tu, na ni wewe. Huku mtaani wanaita vitu hivi mkorogo. Sikutaka kuamini kwamba wewe unakoroga.

Kwa sasa nimeacha. Naosha kwa maji baridi, nameza vidonge alivyobadilisha, napaka mafuta mepesi yasiyo na harufu, navaa kofia pana. Alinionya kwamba nitazidi kuwa mbaya kabla ya kuwa afadhali, na hakukosea. Uso unavuta, unatoa maji, usiku naulalia mgongo nisiguse mto. Bosi amenirudisha nyuma kukata lenzi. Amesema ni kwa ajili yangu. Mlango wa nyuma hauna kioo.

Kuna mstari kwenye barua yako nimeusoma mpaka karatasi imelegea. Chiriku ulimpa sabuni na maji. Chiriku alipojipaka ile dawa, ulimwosha mara tatu. Kwa hiyo ulijua. Hukujua jina lake labda, wala nguvu yake, lakini ulijua kiasi cha kumkimbiza binti yako bombani. Mimi ulinitumia kopo, kisha kopo kubwa, kisha ukasema niongeze na asubuhi. Niambie, Shangazi, uso wa mtoto si ubao wa kujaribia: wangu ulikuwa uso wa nani?

Nakuomba mambo mawili. Niandikie kilichomo. Na uishushe picha yangu. Wale watu wanaoelekeza kidole wananunua uso ambao haupo tena.

Mboni

*

Tarehe 3 Agosti

Mboni,

Barua imefika. Hatujambo.

Anayelelewa haulizi hivyo. Wateja wangu hakuna hata mmoja aliyerudi kulalamika, wanaorudi wanarudi kununua. Chiriku ni mtoto wa shule, na wewe ulikuwa mtu mzima mwenye kazi, ukaniomba kwa mkono wako, barua zako ninazo. Ulinishukuru. Au ulisahau?

Dawa ni ile ile waliyotumia wenzangu wote wa kazi hii, sikuianzisha mimi.

Picha ni yangu. Ulinipa.

Nimekutumia kopo dogo, endapo daktari wako atashindwa.

Shangazi

*

Tarehe 21 Septemba

Shangazi,

Shikamoo, kwa kuwa umri ni umri.

Kopo dogo nilikaa nalo jioni nzima. Nikwambie ukweli, nililifungua. Wiki ile uso ulikuwa unawaka kuliko wakati wowote, na nilijua kwamba nikipaka kiasi cha punje ya dengu, kesho kutwa ningekaa mbele karibu na mlango. Hivyo ndivyo ulivyonifunga. Nilimgongea jirani mshonaji, nikampa alifungie kwenye sanduku la vitambaa. Asubuhi nikalipeleka kwa daktari, akalitupa na taka zake za hospitali.

Hukuniandikia kilichomo, kwa hiyo nimepimwa kama mtu aliyeokotwa njiani, asiyejulikana katoka wapi. Figo ni nzima. Hilo nimelipata bila wewe. Vipele vinapungua, daktari ameridhika. Mishipa ya puani amesema huenda isiondoke. Ngozi ya mashavu imebaki nyembamba, nikijifuta kwa taulo gumu inachubuka.

Mwezi mzima nimekuwa najiuliza kama unanichukia. Nimeona si hivyo, na ingekuwa nafuu. Ulinipenda. Ulinibeba mgongoni nilipougua surua, naikumbuka shingo yako. Ila ulipopanga wa kwako na wa kaka yako, mimi nilianguka upande ule wa pili, na wewe mwenyewe hukusikia kishindo. Nina uchungu nawe, Shangazi. Nina uchungu mpaka kwenye meno.

Nimepiga picha nyingine. Jirani ndiye aliyepiga, mchana, dirishani, bila poda. Vipele, mishipa, vinyweleo, vyote vimo. Nimetazama moja kwa moja, sikucheka. Nimeisafisha kwa kimo cha ile ya kwanza, fremu ile ile itaitosha.

Siombi tena uandike kilichomo. Siombi uishushe ile ya zamani. Naomba uitundike hii kando yake, juu ya kioo cha kiti cha kwanza, ili anayenyoosha kidole achague mwenyewe ya yupi. Ukifanya hivyo nitakuja. Nitakusugulia goti, tutalaumiana uso kwa uso, tutalia, yataisha. Usipofanya, nimeshajua.

Mboni

*

Tarehe 12 Novemba

Mboni wangu, mboni ya jicho langu,

Salamu nyingi sana, nyingi zisizo na idadi. Mungu ni mwema, huku tumeamka wote. Goti limepata mpira wa kulifunga, sasa natembea kama askari. Nimepaka saluni rangi mpya, ya maziwa, na nimeongeza kiti cha nne. Ile mashine ya kukaushia nimemwuzia mjinga mmoja pamoja na skrubu zake za akiba.

Mke wa mwalimu haji tena. Wanasema siku hizi hatoki mchana, na akitoka amejifunga mtandio mpaka machoni. Watu wana mambo. Labda ni ya nyumbani kwao, mimi sikuuliza.

Chiriku amefanya mtihani, anangoja majibu, anaongea usingizini. Ungemwona! Paji limetakata, hakuna hata alama. Nilisema ni umri.

Unaniandikia maneno mazito. Nayasoma, nayakunja, nayaweka. Mimi si mtu wa kalamu. Siku utakapokuwa na viti vinne na mtoto wa shule, tutaongea. Uji nilikunywesha, mgongoni nilikubeba, hayo umeyataja mwenyewe, nami sina la kuongeza.

Picha yako imefika salama, haikukunjika. Macho ni ya baba yako kabisa. Nimeiweka kabatini, chini ya mashuka mazuri, isije ikapigwa na jua.

Njoo utakapopata nafasi. Nitumie habari siku nne kabla, nifagie.

Mimi niliyekulea,
Shangazi